Mzee, kijana wako hauzwi

Shikamoo mzee. Swali lako nimelisoma mara tatu, kwa kweli ni maswali manne yamejibana kwenye moja, kwa hiyo naliweka hapa kwa kifupi ili na wengine wenye vijana wajue tunaongelea nini. Jina lako nimeliacha kama ulivyoomba:

"Mimi ni mtu wa Uvira, tulipita kambini, sasa tuko Melbourne mwaka wa tisa. Mtoto wangu ana miaka 16, mrefu, anacheza ule mpira wao wa yai na wamemuweka kwenye akademi ya klabu moja kubwa. Kuna bwana amekuja nyumbani na viatu vipya, anasema anaweza kumuuza klabu nzuri tukimpa kitu kidogo cha kuanzia. Nauliza, klabu itamnunua dola ngapi, sisi wazazi tunapata nini, wanaweza kumpeleka Perth bila sisi kukubali? Na akienda, anaweza kurudi?"

Naanza na bei maana hapo ndo watu wetu wengi wanapigwa. Hakuna bei. Sisi tumekulia kwenye soka, tunajua Mayele alipotoka Yanga kwenda Pyramids mwaka 2023 kuna hela ilitoka Misri ikaingia Dar, klabu inauza klabu inanunua, na kijiweni watu wanabishana dau lilikuwa kiasi gani. Huku kwenye futi (ndo jina wanaloiita) klabu moja haiwezi kuandikia nyingine cheki ikachukua mchezaji. Zipo klabu 18 kwenye AFL, ligi kuu ya mchezo huu hapa Australia, nyingi ni mali ya wanachama, hakuna tajiri aliyezishika mfukoni, na hata angekuwepo asingeweza kuja kumnunua mwanao kwa sababu mwanao hana bei, ana namba ya foleni tu. Ukielewa hiyo foleni mzee umeelewa nusu ya mchezo mzima wa usajili wao.

Foleni yenyewe inaitwa drafti. Sio ile drafti ya kete ya barazani, japo kuna siku nikiwaangalia hawa mabosi wa usajili naona ni wazee walewale wa kete, wanalana mbili kwa moja halafu wanacheka. Kila mwaka mwezi wa 11 vijana waliojiandikisha wanachaguliwa mmoja mmoja, klabu iliyoshika mkia ndo inachagua ya kwanza, bingwa anachagua mwisho, wakimaliza wanazunguka tena. Kijana lazima awe ametimiza miaka 18 kabla ya mwaka kuisha, kwa hiyo wa kwako bado yuko mbali kidogo, msiwe na presha.

Ilianza mwaka 1986, na mwaka uliofuata wakaweka kikomo cha mishahara, yaani kila klabu ina kiasi kilekile cha kulipa wachezaji wake. Sababu ni kwamba mfumo wa zamani ulikuwa umewashinda. Zamani kila klabu ya Melbourne ilikuwa na eneo lake, ukizaliwa mtaa fulani wewe ni mali ya klabu fulani, basi, halafu zenye hela zinaenda kuvuta mastaa wa Perth na Adelaide kwa madau makubwa mpaka nyingine zikakaribia kufa njaa. Kuna kisa nakipenda sana hapo. South Melbourne ilihamishiwa Sydney mwaka 1982, jezi na kila kitu, sasa kuna kinda mmoja Silvio Foschini akasema mimi siendi kuishi Sydney, nataka kwenda St Kilda hapahapa Melbourne. Ligi ikamkatalia, akaenda mahakamani, na mwaka 1983 mahakama ikasema sheria zile za kumfunga mtu zinamzuia kufanya kazi yake bila sababu ya haki. Kinda mmoja tu aliyetaka kubaki nyumbani, bana, akatikisa mfumo mzima wa ligi. Nimekuletea kisa hiki kwa sababu ukiangalia vizuri, karibu kila ugomvi wa usajili kwenye mchezo huu mpaka leo una neno nyumbani ndani yake.

Sasa Perth. Ndiyo mzee, wanaweza kumpeleka. Akijiandikisha kwenye drafti amekubali kwenda popote atakapotajwa, iwe Perth, Adelaide, Brisbane, Gold Coast au Sydney. Hakuna fomu ya mzazi kuchagua klabu. Kidogo cha kukutuliza ni kwamba kati ya zile klabu 18, tisa ziko Melbourne na ya kumi ni Geelong, mwendo wa saa moja na kitu kwa gari, kwa hiyo ukipiga hesabu ya haraka nafasi ya kubaki karibu ni zaidi ya nusu. Ila hesabu ya haraka si ahadi, nimeshaona mama amepika pilau la kusherehekea huku analia maana mtoto kaitwa upande wa pili wa bara.

Lakini kuna mlango wa pembeni na mwanao yupo mlangoni tayari, hiyo akademi. Klabu zina akademi za kizazi kipya, tangu mwaka 2016, kwa ajili ya vijana Waaborijini na vijana ambao mzazi wao kazaliwa Afrika au Asia. Kila klabu ina eneo lake. Inavyofanya kazi ni hivi, siku ya drafti klabu nyingine ikimtaja mwanao, klabu ya akademi yake inaruhusiwa kusawazisha, yaani kumchukua yenyewe kwa kutoa zamu zake za kuchagua zenye pointi za kutosha (kila zamu ina pointi zake), na ikisawazisha anabaki kwao. Mwaka 2020 Western Bulldogs walimpata Jamarra Ugle-Hagan hivyo, kijana namba moja wa nchi nzima. Klabu nyingine zikapiga kelele, ligi ikakaza. Mwaka uliofuata ikawa huruhusiwi kusawazisha ndani ya zamu 20 za kwanza. Aliyeumia ni Melbourne, walikuwa na kijana wao wa akademi Mac Andrew, wazazi wa Sudan Kusini, mrefu kama mnazi, wamemlea wenyewe, Gold Coast wakamtaja namba 5 na Melbourne wakabaki wanaangalia tu. Kijana wa Melbourne akafungasha begi kwenda Queensland! Baadaye kizuizi kikapanda mpaka zamu 40 za kwanza, halafu mwaka 2024 wakakiondoa, unasawazisha popote, Essendon wakampata Isaac Kako wao namba 13. Kwa hiyo kwa sheria ya sasa mlango uko wazi lakini nakwambia ukweli, hawa watu wanabadilisha sheria za drafti kama watu wanavyobadilisha laini za simu, mwaka atakaofika 18 mwanao muulize mtu wa akademi upya, usitegemee nilichoandika mimi leo.

(Kuna mlango mwingine wa mtoto wa baba, kama baba alicheza mechi 100 kwenye klabu basi mwanae ana njia yake pale. Will Ashcroft wa Brisbane kapita hapo na kawa mchezaji bora wa fainali mbili mfululizo, 2024 na 2025. Wewe na mimi mzee huo hautuhusu, labda wajukuu zako.)

Haya tuseme ameitwa Perth. Anaanza na mkataba wa miaka miwili, au mitatu kama amechaguliwa raundi ya kwanza, na mshahara wa mwanzo umepangwa kwenye makubaliano kati ya ligi na chama cha wachezaji, hakuna cha kuvutana bei. Hapo ndo kipindi ambacho kijana hana nguvu. Ila siku mkataba unakaribia kuisha mambo yanageuka kabisa, na hapa ndo nataka ukae vizuri maana hii ndo sehemu ambayo hata wazungu wenyewe wengi hawaielewi.

Mchezaji mwenye mkataba hawezi kuhamishwa bila yeye kukubali. Klabu haiwezi kuamka asubuhi ikamtupa Adelaide kama wanavyofanya kwenye mpira wa kikapu Marekani. Na mchezaji ambaye mkataba umeisha anaweza kusema kwa adabu tu, nataka kurudi nyumbani, na klabu yake ikabaki kuchagua kati ya kupata kitu kidogo au kumkosa bure. Wengine hawasubiri hata mkataba uishe. Jason Horne-Francis alikuwa namba 1 wa drafti ya 2021, North Melbourne wakamchukua kutoka Adelaide, msimu mmoja tu akaomba kurudi, mwezi wa 10 mwaka 2022 akawa Port Adelaide. Namba moja wa nchi nzima, msimu mmoja!

Na kisa kikubwa cha hii habari ni Brisbane, ebu nikihadithie vizuri. Mwisho wa msimu wa 2013 vijana watano wa Brisbane waliondoka kwa mkupuo. Docherty akarudi Victoria kwa Carlton, Karnezis kwa Collingwood, Longer kwa St Kilda, Polec akarudi Adelaide kwa Port, Yeo akarudi Perth kwa West Coast. Wengi wao jimbo walilotoka, na wote walikuwa vijana wa zamu nzuri za drafti, yaani klabu ilimaliza huko chini, ikapewa vijana wazuri, ikawalea miaka miwili mitatu, halafu ikawakabidhi kwa wenzao. Yeo amechukua ubingwa na West Coast mwaka 2018, Docherty akaja kuwa nahodha mwenza Carlton. Brisbane wenyewe mwaka 2017 wakashika mkia wa ligi nzima.

Walichofanya baada ya hapo ndo somo la kubakiza wachezaji, na angalia mzee, hawakuongeza mshahara maana kikomo ni kilekile kwa wote. Mwisho wa 2016 walimleta kocha Chris Fagan, mtu ambaye hata hajawahi kucheza ligi kuu, mwalimu mwalimu hivi, baba wa watu. Wakamshawishi Luke Hodge, nahodha aliyechukua ubingwa mara tatu mfululizo na Hawthorn, ameshatangaza kustaafu kabisa, njoo ukae na watoto wetu misimu miwili. Mtu mzima akahamia Brisbane kulea vijana! Wakaanza kuangalia si kipaji tu, wanauliza huyu mtoto ni mtu wa namna gani, familia ikoje, akikaa mbali ataishi vipi. Ghafla watu wakaanza kuja badala ya kuondoka, Charlie Cameron kutoka Adelaide, Lachie Neale kutoka Fremantle mwisho wa 2018 (akachukua medali ya Brownlow, ya mchezaji bora wa msimu, mara mbili akiwa pale, 2020 na 2023), Joe Daniher kutoka Essendon, Josh Dunkley kutoka Bulldogs. Ubingwa 2024, ubingwa tena 2025. Mji uleule, jua lilelile, umbali uleule kutoka kwa mama.

Jirani zao Gold Coast walichelewa sana kujifunza. Waliingia ligi 2011, walimvuta Gary Ablett mdogo kutoka Geelong kwa mkwanja mrefu, akacheza mpira wa ajabu kwenye timu inayofungwa kila wiki, na mwisho wa 2017 akarudi zake Geelong. Mwaka uliofuata manahodha wao wawili, Tom Lynch na Steven May, wakaondoka dirisha moja! Lynch akaenda Richmond akachukua ubingwa 2019 na 2020. Unajua inavyouma manahodha wote wawili kuondoka? Ni kama nyumba baba na mama wamehama wamewaachia watoto funguo. Ila drafti ya 2019 wakapata zamu ya 1 na ya 2 na wakachagua marafiki wawili wa shule moja ya Melbourne, Matt Rowell na Noah Anderson, kwa wakati mmoja. Kwangu mimi huo ndo usajili wa akili kuliko wote waliowahi kufanya, umemtoa mtoto nyumbani basi mpe na rafiki yake. Wote wakabaki. Mwaka 2025 Anderson ni nahodha, Rowell kachukua Brownlow, timu imeingia hatua ya fainali mara ya kwanza kwenye historia yake, na msimu ulipoisha Christian Petracca, staa wa Melbourne kabisa, akaomba kwenda huko. Sasa ni watu wa mjini wanaomba kwenda Gold Coast, dunia duara.

Umeuliza kama akienda anaweza kurudi. Umeona mwenyewe, wanarudi kila mwaka. Lakini njia za kurudi zinatofautiana kwa hiyo twende nazo.

Ya kwanza ni dirisha la kubadilishana, mwezi wa 10 baada ya fainali, kama wiki mbili. Huko hela hazitembei, wanabadilishana mchezaji kwa mchezaji, mchezaji kwa zamu za drafti, siku hizi mpaka zamu za mwaka kesho wanazikopa leo kama mtu wa mikopo ya mtandaoni. Mfano wa kitabuni ni Chris Judd. Mtoto wa Melbourne, West Coast wamemchukua Perth, nahodha, bingwa 2006, mwisho wa 2007 anasema nataka kurudi kwetu. Hana ugomvi na mtu. Akakaa chini na klabu za Melbourne akazisikiliza kama anayechagua nyumba ya kupanga, akachagua Carlton, na Carlton ikabidi watoe zamu ya 3, zamu ya 20, na kijana wao Josh Kennedy ambaye naye kwao ni upande wa Perth. Miaka mitatu baadaye Judd kachukua Brownlow ya pili, watu wakasema Carlton wameshinda biashara. Kennedy taratibu akafunga magoli zaidi ya 700 na akachukua ubingwa 2018. Judd na Carlton ubingwa hawakuupata. Sasa nani alimla nani? Mimi nasema West Coast, ila ukiwa Melbourne usiseme kwa sauti.

Wa kwetu kabisa ni Aliir Aliir. Kazaliwa Kakuma, kambi ileile ambayo wengi wetu tunaijua au tuna ndugu aliyepita, akaja Australia mtoto wa kama miaka minane. Sydney walimchagua drafti ya 2013 zamu ya 44, huko chini kabisa, watu wa usajili wanaona mtoto mrefu mweusi wanaandika kwenye daftari ana kipaji ghafi, hilo neno mzee utalisikia sana na mimi linanikera, wakikuambia mwanao ni ghafi waulize ghafi kwenye nini, kwenye kusoma mchezo au kwenye kupiga mguu wa kushoto? Aliir kawa beki anayesoma mpira kabla haujapigwa. Mwisho wa 2020 Sydney wakamwachia Port Adelaide kwa zamu moja tu ya raundi ya pili ya mwaka unaofuata. Mwaka huohuo uliofuata 2021 akaingia kikosi bora cha msimu cha Australia nzima. Zamu moja ya raundi ya pili! Ndo ujue hata hawa wataalamu wenye kompyuta tano mezani wanakosea bei ya mtu.

Na wanakosea upande wa pili pia. Tom Boyd alikuwa namba 1 wa 2013, GWS (klabu ya pili ya Sydney), baada ya msimu mmoja tu Bulldogs wakamchukua kwa kumtoa nahodha wao Ryan Griffen pamoja na zamu ya 6, na wakampa kijana mkataba wa miaka saba wa kama dola milioni 7. Fainali ya 2016 akafunga magoli matatu, Bulldogs bingwa mara ya kwanza tangu 1954, hakuna shabiki wa Bulldogs anayelalamika. Ila mwaka 2019 akastaafu, ana miaka 23, mwili umechoka na kichwa kimechoka, kasema wazi kwamba presha ilimuumiza, akaacha na hela zilizobaki kwenye mkataba. Hiyo namba unayotaka kujua mzee, dola ngapi dola ngapi, kuna watoto imewakalia kifuani.

Mikataba mirefu ina tabia ya kumrudi klabu mwenyewe. Collingwood mwisho wa 2020 walijikuta mishahara imegonga kikomo, wakawaachia Treloar, Stephenson na Phillips dirisha moja, na Treloar alikuwa hataki kuondoka, kabisa, wakaendelea hata kulipa sehemu ya mshahara wake akiwa Bulldogs. Halafu Grundy waliyempa miaka saba naye 2022 wakamwachia Melbourne, wakilipa sehemu ya mshahara tena. Nilisema mchezaji mwenye mkataba hahamishwi bila kukubali, ni kweli, ila ukiambiwa na bosi wako hatukuhitaji mwaka kesho, utakataa mpaka lini? Kinyume chake pia kipo, Zach Merrett aliyekuwa nahodha wa Essendon aliomba kwenda Hawthorn msimu wa 2025 ulipoisha, alikuwa na mkataba mpaka 2027, Essendon wakasema hapana, dirisha likafungwa, akabaki palepale. Kuomba si kupewa.

Njia ya pili ni kuwa mchezaji huru, ilianza 2012. Ukikaa klabu moja miaka minane, mkataba ukiisha unaweza kuondoka bila klabu mpya kutoa chochote, ligi yenyewe inaifidia klabu ya zamani kwa zamu ya drafti. Isipokuwa kama uko kwenye ile robo ya juu ya wanaolipwa sana klabuni, hapo klabu yako ina haki ya kusawazisha dau, mpaka ufikishe miaka kumi ndo unakuwa huru kabisa. Lance Franklin aliondoka Hawthorn hivyo mwisho wa 2013, Sydney wakaweka miaka tisa, kama dola milioni 10, Hawthorn wakaangalia karatasi wakasema nenda tu. Watu walimcheka Sydney kwamba mwaka wa tisa watakuwa wanamlipa mzee, lakini mwezi wa 3 mwaka 2022 alipofunga goli la 1,000 uwanja mzima uliingia ndani kumkumbatia. Jeremy Cameron wa GWS yeye mwaka 2020 klabu ilisawazisha, kwa hiyo Geelong ikabidi wakae mezani watoe zamu tatu za raundi ya kwanza. Wakachukua ubingwa 2022, hawajuti. Kwa mwanao hii ni habari ya akiwa na miaka 26 huko, tuiache.

Sasa turudi kwa huyo bwana wa viatu, maana nilikuwa najizuia tangu mwanzo.

Ligi hii ina mambo mengi ya kuchekesha lakini kwenye hela za chini ya meza hawacheki. Carlton, moja ya klabu kubwa kabisa, waligundulika 2002 wanalipa wachezaji nje ya vitabu, wakapigwa faini ya dola 930,000 na wakanyang'anywa zamu za drafti zikiwemo ya 1 na ya 2 za mwaka huo, na waliteseka miaka mingi. Adelaide mwaka 2012 walikuwa na makubaliano ya siri na Kurt Tippett, klabu ikapigwa faini ya dola 300,000 na kupoteza zamu, na mchezaji mwenyewe akafungiwa mechi 11. Mchezaji mzee, si klabu tu. Kwa hiyo mtu anayeanza safari ya mwanao kwa kitu kidogo anaweza kuwa anaiharibu kabla haijaanza.

Halafu fikiria tu, atamuuzaje klabu nzuri? Klabu yenyewe haijui itachagua zamu ya ngapi mpaka msimu uishe, na haijui kama wa mbele yake watamwacha mtoto. Hakuna binadamu anayeweza kukuuzia nafasi kwenye drafti. Mawakala halali wapo, wanasajiliwa na chama cha wachezaji wa AFL, na wanalipwa asilimia ya mkataba kijana akishaupata, hawaji kuchukua hela ya kuanzia kwa baba wa mtoto wa miaka 16. Muulize jina lake kamili na kama anatambuliwa na chama, halafu pigeni simu chama mkaulize. Akianza kukasirika umeshapata jibu.

Na wewe kama mzazi unapata nini? Kisheria hupati kitu, hakuna sehemu ya mzazi. Mtoto akiitwa mbali, klabu inamsafirisha, inampangia pa kuishi, mara nyingi kwenye familia ya mwenyeji mwaka wa kwanza, na ina mtu kazi yake ni kufuatilia masomo na maisha yake nje ya uwanja. Hapo ndo penye faida yako ya kweli kwa sababu watu wa usajili watakuja nyumbani kwako kabla ya drafti, watakaa kwenye kochi lako, watamuuliza mtoto maswali na watakuangalia wewe na mama yake. Wanakupima. Basi na nyie wapimeni. Msiulize dola ngapi. Ulizeni ataishi na nani, huyo mwenyeji anajua chakula chake na ibada yake, nani anampigia simu akiumia goti miezi sita hana mechi, kuna kijana mwingine Mwafrika kwenye kikosi, wangapi mliowachukua kutoka mbali miaka mitano iliyopita bado wapo. Hilo la mwisho waulize taratibu halafu nyamaza, angalia wanavyojikuna.

Asipochaguliwa akiwa na 18 msivunjike moyo wala msilaumu mtu. Kuna orodha ya ruki, yaani wachezaji wanafunzi wa klabu, Majak Daw mzaliwa wa Khartoum aliingilia huko 2009 North Melbourne na ndo Msudani wa kwanza kufika ligi kuu. Kuna drafti ya katikati ya msimu iliyorudishwa 2019, mwaka huohuo Richmond wakamchukua Marlion Pickett, ana miaka 27, ametoka kwenye maisha magumu mpaka jela, na mechi yake ya kwanza kabisa ligi kuu ikawa fainali yenyewe, wakashinda. Kabla yake hakuna aliyewahi kuanzia fainali tangu 1952.

Kuhusu viatu, nimeulizwa na mwingine wiki iliyopita jambo hilohilo mpaka nahisi ni bwana yuleyule anazunguka mitaa ya magharibi huku. Vikunjeni kwenye boksi lake na risiti kama ipo, mtoto asivivae hata mara moja, mtu wa akademi aambiwe kila kitu kwa ujumbe wa maandishi ili ibaki kumbukumbu. Bwana akirudi mpeni chai, mpeni na boksi lake.